Kifua cha Kuazima

"Hakuzama," Daktari wa maiti alisema kabla Inspekta hajafunga mlango. "Na hakulewa. Nakwambia mapema usije ukapoteza siku nzima."

Inspekta alikuwa bado anatafuta pa kusimama. Chumba cha maiti kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita na sakafu isiyokauka, na mahali pekee pakavu palikuwa tayari pamekaliwa na Sajini. Kwa miaka yote ya kazi yake Sajini hakuwahi kuzizoea maiti, ila alizoea kuwahi mahali pazuri.

Aliyelala mezani alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyefanya kazi ya kusaga kingo za mawe katika kiwanda cha meza za jikoni. Wenzake walimwita Kingo. Asubuhi ya jana walimkuta kifudifudi ndani ya birika la tope, lile ambamo maji machafu ya kiwanda hutuama kabla ya kumwagwa, na ukingoni palikuwa na chupa ya pombe kali. Mwenye kiwanda, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alitoa maelezo mafupi: alikunywa, akateleza, akazama. Mkuu wa kituo aliyapenda maelezo hayo kwa ufupi wake, akamwagiza Inspekta alifunge jalada upesi.

"Tumboni kuna chai na mkate," Daktari aliendelea. "Pombe hakuna hata ya kusukutua. Kooni hakuna tope. Mtu akizama anavuta maji, na maji ya pale ni uji mtupu. Huyu aliingia majini hapumui."

"Kanyongwa?" Sajini aliuliza.

"Sogea uone."

"Naona vizuri nikiwa hapa hapa, Daktari."

Daktari akamgeukia Inspekta. Alichukua kipande cha pafu kwenye bakuli, akakipitisha kisu juu yake polepole. Kisu kilikwaruza kama kinachokata kiazi chenye mchanga. Inspekta alisikia meno yakimsisimka.

"Hili ni vumbi la mawe," Daktari alisema. "Limekaa humu miaka mingi, pafu likageuka kuwa kovu tupu. Huyu amekufa kwa kukosa pumzi. Si kifo cha ghafla, Inspekta. Amekaa kitako akiipigania hewa saa nyingi, na akili zake zote anazo. Bila shaka aliomba hospitali."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Sajini alisema kutoka kwenye kona yake kavu.

"Huyu hakuficha. Amefichwa." Inspekta aliutazama uso wa marehemu. Midomo ilikuwa bado ya buluu. "Mtu akifa kwa ugonjwa unaita gari, unaita ndugu zake. Nani anamtia majini na kumwekea chupa?"

"Hilo ni lako. Langu ni hili."

Daktari aliwasha ubao wa taa ukutani, akachomeka picha ya eksirei. Ilikuwa imeletwa na Tajiri mwenyewe, bila kuombwa, kuthibitisha kwamba mtu wake alikuwa mzima: picha ya kifua ambayo Kingo alipigwa miaka mitatu iliyopita alipoomba kibali cha kazi. Mgeni yeyote anayetaka kibali hupimwa kifua kwanza. Kikiwa kibovu, ombi linaishia hapo.

"Safi," Inspekta alisema.

"Safi kama sahani iliyooshwa. Sasa mimi nasema mapafu ya huyu yalikuwa yameharibika tangu hapo. Wakili wa Tajiri atasema nakisia, na tutabishana mpaka jioni. Kwa hiyo achana na mapafu. Tazama mtulinga." Aliweka kidole kwenye mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, upande wa kushoto. Katikati yake palikuwa na nundu, na kutoka hapo mfupa ulipinda. "Huu ulivunjika zamani ukajiunga vibaya. Ukishajiunga hivyo haunyooki mpaka kaburini. Wa huyu nimeufunua, kushoto na kulia. Umenyooka kama rula."

"Kwa hiyo hiki kifua..."

"Ni cha mtu mwingine."

*

Sajini alikuwa na jibu tayari garini. Kliniki imechanganya picha, basi. Wapimaji wale hupima watu mia kwa siku, picha zinarundikwa, jina la huyu linabandikwa kwa yule. "Mimi mwenyewe waliwahi kuniambia nina mimba," alisema.

"Ulikuwa unayo?"

"Kwa tumbo lile sikuweza kubisha, afande."

Inspekta hakucheka, ila alilipima wazo lile. Kama picha zilichanganyika, basi mahali fulani yupo mtu mwenye mtulinga uliopinda aliyebandikiwa kifua kibovu cha Kingo, akanyimwa kibali. Walikwenda kumtafuta.

Ofisi ya vibali ilikuwa na mabenchi yaliyojaa watu walioshika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika bakuli la moto. Kila dirisha lilipofunguliwa, wote walinyanyuka nusu. Lilipofungwa walikaa. Hakuna aliyezungumza kwa sauti, na mwanamke mmoja alikuwa akimfundisha mumewe kwa kunong'ona jinsi ya kujibu maswali.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Sajini alisema.

Karani aliwaletea mafaili ya wageni wote wa kiwanda kile. Mbali na Kingo walikuwa wanne. Chumba cha mafaili hakikuwa na ubao wa taa, kwa hiyo Inspekta alizibandika picha kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya nyingine, akazishikilia kwa viganja jua likipenya.

Alipobandika ya pili aliirudia ya kwanza. Alipobandika ya mwisho, Sajini alivua kofia akasogea karibu bila kuambiwa.

Vifua vyote vilikuwa safi, na kila kimoja kilikuwa na nundu ile ile kwenye mtulinga wa kushoto, mpindo ule ule, kana kwamba mfupa mmoja ulikuwa ukihama kutoka kifua hadi kifua.

"Labda ni wa ukoo mmoja," Sajini alijaribu.

"Hata pacha hawavunjiki mahali pamoja."

"Basi ni picha moja, imerudufiwa."

"Tazama mbavu. Hapa amevuta pumzi sana, hapa kidogo. Hapa amesimama upande. Ni picha mbalimbali za mtu mmoja." Inspekta alizishusha moja moja. "Pale kliniki unaingia na karatasi zako, unavua shati, unakumbatia bamba la mashine, unaondoka. Anayepigwa picha ni kifua, Sajini. Uso hauna anayeuangalia. Mmoja wao ana kifua kizima, naye amewaazima wenzake wote."

"Na Kingo angefika hospitali..."

"Wangempiga picha. Wangeilinganisha na ya kibali. Siku hiyo hiyo wangebanwa wote watano, na Tajiri wa sita."

Sajini alivaa kofia yake. "Tuwavue mashati tu, afande. Mwenye nundu tunaondoka naye."

"Tukianza na mashati, Tajiri ataita wakili kabla ya kifungo cha pili. Tutaanza na swali dogo."

*

Kiwanda kilisikika kabla hakijaonekana. Msumeno mkubwa ulikuwa ukipasua bamba la jiwe jeupe, na vumbi lilisimama hewani kama unga uliopeperushwa. Mpira wa maji, ambao kazi yake ni kulilowesha jiwe ili vumbi lisipae, ulikuwa umeviringwa ukutani. Inspekta aliubinya alipopita. Ulikuwa mkavu na umepasuka kwa ukavu.

Tajiri aliwapokea mlangoni pa ofisi yake. Ndani ya uwanja ule mweupe yeye peke yake alikuwa na nguo isiyo na vumbi.

"Poleni na kazi, maafisa. Lakini lile si limekwisha? Nimewapa mpaka picha ya hospitali. Mtu alikuwa mzima, pombe ikammaliza."

"Tunataka kuzungumza na wenzake. Mmoja mmoja."

"Zungumzeni. Ila msiwatie hofu, tafadhali. Vibali vyao vinakwisha mwezi ujao, wanajiandaa kuomba upya. Mimi ndiye niliyewaleta, ndiye ninayewalisha. Wenyeji kazi hii hawaitaki, wanasema inachafua."

"Wanasema kweli," Sajini alisema, akijipangusa bega.

Waliwekewa meza katika stoo ya vifaa, kati ya visu vya msumeno vilivyokwisha makali. Wa kwanza kuingia alikuwa jamaa waliyemwita Mrefu. Inspekta alimuuliza kuhusu asubuhi ya jana, nani aliiona maiti, nani alimtoa majini. Majibu yalikuwa ya kawaida. Kisha, akiwa ameinamia daftari kana kwamba hilo halina uzito, alisema:

"Umewahi kuvunjika mfupa?"

"Nilianguka kutoka juu ya paa nikiwa mtoto," Mrefu alisema haraka. "Bega la kushoto. Likapona lenyewe."

"Pole."

"Nimeshapoa, mama."

Wa pili aliitwa Baba Pacha, mtu mnene wa sauti ya chini. Naye alianguka kutoka juu ya paa akiwa mtoto. Alipoulizwa ni upande gani, kiganja chake kilikwenda bega la kulia, kikatulia hapo, kisha kikavuka kifua polepole na kutua kushoto.

"Kushoto," alisema.

"Una hakika?"

"Zamani sana, mama. Mtu unasahau."

Wa tatu, Kofia, aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Alianza kusimulia habari za paa hata kabla swali halijafika mwisho.

"Paa la nini?" Inspekta alimkatiza.

"La nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Kofia alimtazama Sajini, akatazama mlango. "Hilo hawakuniambia," alisema, na papo hapo akaziba mdomo kwa mkono.

Inspekta alimwachia aende zake. Mlango ulipofungwa, Sajini alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakimtikisika. "Kijiji kizima kilianguka kutoka paa moja! Sasa paa lenyewe lilisalimika kweli?"

"Wamefundishwa," Inspekta alisema. "Ofisi ya vibali huwahoji. Afisa akiona mfupa kwenye picha anaweza kuuliza umevunjikaje, kwa hiyo kila mmoja amekaririshwa jibu la mwenye mfupa. Wamelishika vizuri mno. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja wataulizwa wote mchana mmoja."

"Kwa hiyo yule wa mwisho ndiye mwenye paa lake."

"Tusikie atasemaje."

Wa mwisho aliitwa Shemeji. Kingo alikuwa amemwoa dada yake, na kwa kuwa Kingo alimwita shemeji, kiwanda chote kiliiga, mpaka Tajiri. Alikuwa mtu wa kifua kipana na shingo nene, mkubwa kuliko wenzake, na kwa jinsi wale watatu walivyomtazama alipoitwa, Inspekta alijua kwamba ndiye wanayemsikiliza. Macho yalikuwa mekundu. Alivuta kiti mpaka karibu na dirisha, akakaa.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa."

"Dada yako ameambiwa?"

"Ameambiwa mumewe amefariki. Anauliza vipi. Nimemwambia nitampigia."

Inspekta aliliacha hilo. "Umewahi kuvunjika mfupa?"

Shemeji alimtazama Inspekta, akatazama bahasha ya picha za vibali chini ya kiwiko cha Sajini. Aliijua bahasha ile, na Inspekta aliona kwamba ameijua.

"Hapana, mama," alisema. "Mungu kaniepusha."

"Hata kidole?"

"Hata kidole."

Sajini, ambaye alikuwa amejiandaa kusikia habari za paa kwa mara ya nne, aliinua kichwa.

Inspekta alifungua bahasha, akatoa picha moja, akaiinua dirishani. "Soma jina."

"Ni langu."

"Kifua ni chako?"

Nje msumeno ulizimwa, na kikohozi cha mtu kikasikika uwanjani.

"Kuna mfupa uliovunjika hapa, ndugu yangu. Wenzako watatu, ambao hawajavunjika hata ukucha, wameniambia kwa vituo na mikato jinsi walivyovunjika. Wewe peke yako, mwenye picha hii kihalali, unasema hujavunjika. Ungesema tu ulianguka kutoka juu ya paa, ningebaki na watu wanne wenye hadithi moja na nisijue nimshike nani." Alishusha picha. "Umekataa kwa sababu umejua ninachotafuta. Sasa chagua. Ukisema kifua hiki si chako, kibali chako ni cha uongo. Ukisema ni chako, vya wenzako ndivyo vya uongo, na cha marehemu pia."

"Si changu," Shemeji alisema.

Inspekta hakulitegemea hilo. Alikuwa ameshawahoji watu wengi, na wengi wao wakibanwa hivyo huutupa mzigo kwa wenzao. Aliona huruma ikimpanda, akakasirika nayo.

"Fungua shati."

Shemeji alifungua vifungo viwili. Hapakuwa na haja ya tatu. Nundu ilionekana chini ya ngozi, na Sajini akaitazama kisha akatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Ulianguka kweli kutoka juu ya paa?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"La shule. Tulikuwa tunafuata mpira." Alifunga shati. "Mama, kama nitasema, wale watatu watarudishwa?"

"Sitakudanganya. Uamuzi wa vibali si wangu."

"Na mimi?"

"Na wewe. Tena wewe utafika na mahakamani."

"Na nikinyamaza?"

"Tajiri ana picha safi yenye jina la shemeji yako. Atasema: alipimwa, alikuwa mzima, akalewa, akafa maji. Sina wa kumpinga. Dada yako ataandikiwa kwamba mumewe alikuwa mlevi, na watoto wake watakua na hilo."

Shemeji aliinamisha kichwa. Aliponena, alinena akiangalia sakafu.

"Alikuwa hanywi hata soda," alisema. "Jamaa alikuwa mtu wa chai."

Kisha alisema yote. Wakala wa vibali wa Tajiri ndiye aliyegundua kwamba kifua chake kinapita kirahisi, akampeleka kliniki siku tofauti tofauti, kila mara akiwa na karatasi za mwenzake mmoja. Kingo alikuwa amekwisha kuugua hata kabla hawajavuka mpaka. Alisaga mawe nchi nyingine kabla ya hii. Dada mtu ndiye aliyeomba. Kaka, mpe mume wangu kifua chako, wewe unacho cha ziada.

"Juzi jioni akabanwa. Akaomba hospitali. Wenzangu wakaniangalia mimi, maana kama mimi ni kaka wa mkewe, ni nani mwingine atoe ruhusa? Nikamwita Tajiri. Tajiri akasema akienda, mmekwisha nyote, avumilie, kesho nitamleta mtu ampe dawa. Nikarudi nikamwambia avumilie. Nilikaa nyuma yake aniegemee, akilala chali anakatika pumzi. Mama, aliniegemea hivi, mgongo wake hapa kifuani kwangu. Kila akivuta nasikia. Akaniambia, shemeji, nipeleke tu, sitakutaja. Nikamwambia kesho."

Sajini alikuwa ameacha kuandika.

"Haikufika kesho. Tajiri akaja na chupa. Akasema aliyezama hapasuliwi, huzikwa tu. Mimi nilishika mabega, Mrefu miguu."

"Aliyezama ndiye wa kwanza kupasuliwa," Inspekta alisema.

"Sisi tungejuaje?"

*

Tajiri alipanda gari la polisi akilalamikia vumbi la viti. Alikuwa ametulia kuliko inavyompasa mtu mwenye pingu. Kituoni alirudia maneno yale yale mbele ya wakili wake: kama wafanyakazi walidanganya kliniki, ni wao na kliniki, yeye alipewa picha akaiamini. Na hiyo habari ya kifua cha kuazima, nani amethibitisha? Mgeni mmoja anayeogopa kufukuzwa nchini?

"Huyo shahidi wako anahitaji picha mpya," Daktari alimwambia Inspekta kwenye simu. "Nundu ya ngozi haitoshi. Niupige picha mfupa wake leo, niuweke pembeni ya ile mitano, nitaapa mahakamani bila kupepesa."

Kwa hiyo walimpeleka Shemeji hospitali. Njiani alikuwa kama aliyetua mzigo. Alimuuliza Sajini kama ana watoto, akaambiwa wanne, akasema yeye hajaoa, alikuwa anangoja kibali kipya kwanza. Sasa nyumba mbili zinamtazama yeye, ya mama yake na ya dada yake.

"Ukirudishwa utafanyaje?" Sajini aliuliza.

"Nitaomba nchi nyingine. Nikimaliza adhabu yangu, nitaomba." Alijipiga kifua kidogo kwa ngumi, bila majivuno. "Wenzangu ndio nawasikitikia. Mimi nikifika dirishani napita. Hiki hakijawahi kukataliwa."

"Basi mshukuru Mungu," Sajini alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza mzaha.

Mpiga picha alimsimamisha mbele ya mashine, akaingia nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Ishike. Usitikisike."

Shemeji alivuta, akakohoa.

"Tena. Vuta. Ishike."

Akakohoa tena. Akaomba radhi, akasema ni baridi ya mahabusu. Mara ya tatu alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mashine ikalia. Inspekta, nyuma ya kioo, alijikuta ameishika pumzi yake mwenyewe.

Daktari alikuja kutoka chumba cha maiti amebeba picha za zamani. Alichomeka moja kushoto na mpya kulia, akawasha taa. Alipima kwa rula, akageuza kichwa, akapima tena. "Ni yeye," alisema. "Nundu, mpindo, urefu. Hakuna wakili atakayeusogeza mfupa huu. Umempata mtu wako, Inspekta."

Inspekta alitaka kufurahi. Lakini Daktari hakuizima taa. Kidole chake kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye mtulinga wa picha mpya, kikasimama chini yake, ambapo kifua kilipaswa kuwa cheusi na kilikuwa kimejaa vidoa vyeupe, kama mchele uliomwagika.

"Miaka mitatu bila maji kwenye msumeno," alisema kwa sauti ya chini. "Zaidi ya hapo sihitaji kukueleza. Umeliona pafu la mwenzake."

"Linatibika?"

Daktari alitikisa kichwa kukataa.

Mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekwisha kuvaa, na Sajini alikuwa akimleta, mkono begani, si kama mahabusu. Alisimama mbele ya ubao. Miaka mitatu iliyopita aliwaona watu wengi wakitazama kifua chake na kupiga muhuri, na alijua kifua chake kinavyoonekana. Alitazama picha ya kushoto, akatikisa kichwa kuikubali. Alitazama ya kulia.

"Hii si yangu," alisema. "Mmenichanganyia. Hii ni ya marehemu."

Inspekta aliona kwamba Daktari anamngojea yeye, na kwamba Sajini ameangalia viatu vyake.

"Ni yako," alisema. "Imepigwa sasa hivi. Tazama mfupa."

Shemeji alitazama mfupa. Akapeleka mkono ndani ya shati, akaigusa nundu yake, akatazama tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kwa lugha asiyoijua vizuri. Hakuuliza ana muda gani. Alikuwa amekaa nyuma ya mtu mmoja kutoka jioni hadi mwisho, na hakuwa na la kuuliza hapo.

"Mama," alisema hatimaye, "wewe ni mtu wa serikali, unajua mambo. Kuna nchi wanatoa kibali bila kupiga picha?"

Inspekta alifikiri kwa dhati, kwa sababu lilikuwa swali la dhati.

"Siijui," alisema.

"Basi kwa dada yangu nitasema nini?"

"Mwambie mumewe hakuwa mlevi. Hilo tumelithibitisha."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu, akashukuru, na Sajini akampa simu yake mwenyewe ili apige.